Bingwa Hajiandikishi

Mwanangu Mwanahawa,

Barua za kwetu huanza kwa kujuliana hali. Ya kwako naijua, maana uko chumba cha pili na nakusikia unalifungua tena lile sanduku nililolikalia mimi mwenyewe mpaka zipu ikakubali. Ya kwangu utaijua huko mbele. Isome barua hii kwa sauti, ukiwa peke yako. Kiswahili ukikisoma kimyakimya unaruka maneno, halafu unabaki kukisia, na hapa sitaki ukisie.

Habari za sweta, sala, kula kwa wakati na kuwaheshimu mwalimu wako wa Japani na mkewe watakaokuweka nyumbani kwao, sizirudii. Nimezisema kutwa mpaka ukaniambia, "Sharp, Mama, nimesikia," kwa ile sauti ya kumfukuza kuku jikoni. Haya, nimefukuzika. Nataka kukuandikia habari za mashindano. Najua utacheka, mimi nikufundishe wewe mashindano ya Go, huo mchezo wako wa kete na mistari! Cheka, ukimaliza uendelee kusoma.

Unajua nilikotoka. Babu yako Shomari alikuwa akifundisha ngumi pale Keko, uani kwetu, kwa gunia lililoshindiliwa mchanga na matambara. Nimekua nikiwafunga vijana bendeji mikononi kabla sijajua hata kusonga ugali. Na kwa babu yako sheria ilikuwa moja tu: bingwa ni bingwa mpaka apigwe. Mkanda uko kiunoni kwake, basi yeye hahangaiki na mchujo wala hapangi foleni na wanaotafuta. Wao wachapane huko, atakayebaki ndiye aje amgongee mlango. "Bingwa hajiandikishi," alikuwa akisema, na akishasema hivyo anarudia chai yake. Nililimeza neno hilo nikiwa mdogo na halikunitoka tena.

Wewe ulipoanza Go mimi sikuelewa kitu. Baba yako alikuwa amefariki, tumebaki mimi na wewe, na nilichotaka ni mahali pa kukuweka baada ya shule, pasiwe barabarani. Mwalimu Naidoo alikuwa anafundisha watoto kwenye ule ukumbi wa Troyeville, hapahapa Johannesburg, nikakupeleka. Nilidhani ni drafti. Siku niliyokuta umechora mistari kwa kalamu nene upande wa chini wa kibao changu cha chapati, nilikusema mpaka jirani yetu Mama Chantal akatoka mbio saluni kwake kuja kuuliza nani amekufa. Kibao kile kina historia yake, nitaifikia.

Halafu ukashinda. Mashindano ya vijana ya nchi nzima, wewe mtoto wa Bertrams, ukarudi na kikombe umekifunga kwenye sweta kama kitoto kichanga. Eish, mwanangu. Siku ile chapati ziliondoka bure pale jikoni kwangu. Walinzi wa Kikongo, Warundi, jamaa wa Tanga, kila aliyeingia nilimwambia ana bahati, anakula kwa mama wa bingwa. Hakuna aliyeuliza bingwa wa nini, na mimi nisingeweza kumwambia.

Mwaka uliofuata ukaja na simu mkononi, ukasema usajili umefunguliwa na mzazi ndiye anayetakiwa kuliweka jina. Nikakwambia niachie mimi. Sasa sikia, kwa haki ya Mungu, sikusahau. Mimi niliona hakuna haja. Machoni pangu wewe ulikuwa umeshavaa mkanda. Ule ujumbe wa kuwakumbusha wazazi ulipoingia niliusoma nikatabasamu, nikawaonea huruma wazazi wa wale watoto wengine.

Siku yenyewe tukaondoka kundi zima kwenda kule Randburg. Wewe ukijua unakwenda kucheza, mimi nikijua unakwenda kukaa mbele na kuwatazama wanaokutafuta, kama mabingwa wa babu yako walivyokuwa wakikaa. Mama Chantal alikuwa amefunga saluni, ameshika lile bango la kitambaa, BINGWA WETU, herufi za kushona. Mimi nimekumbatia sufuria la pilau. Pale mlangoni mama wa usajili akapitisha kidole kwenye majina, akarudia toka juu, akasema jina halipo.

Nikavuta pumzi nimsomeshe habari za mkanda. Wewe ukanitazama. Ulinitazama kidogo tu, nikaona umeshaelewa yote, nilichofanya na kwa nini, na umeona pia ni watu wangapi wako nyuma yangu. Ukamgeukia yule mama ukasema kwa Kiingereza, kisha ukarudia kwa Kiswahili ili watu wetu wote wasikie:

"Ni mimi. Nilisahau kumkumbusha Mama."

Mwenyekiti wa mashindano akaja, yule mzee wa ndevu nyeupe. Akasema mbele ya wote kwamba bingwa anayeona taratibu ni za wenzake asishangae zikimwacha mlangoni. Mama Chantal akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha Bukavu, champion anabakiaka inje namna gani. Na mimi, Mwanahawa, mimi mwenye mdomo unaojulikana Bertrams nzima, nikanyamaza. Nilikuwa na pilau mkononi na watu mgongoni, nikakuacha wewe ubebe. Ulikaa siku nzima pembeni ukiwatazama wenzako. Yule kijana wa Pretoria alipokichukua kikombe chako, ulimpigia makofi kuliko mama yake mzazi.

Nyumbani nilikuwa nasubiri unilaumu. Nilikuwa nimejiandaa kabisa, nina maneno yangu ya kujitetea. Wewe ukala pilau, ukaomba ukoko, ukaniuliza kesho kuna maharage. Nikaenda bafuni nikafungua bomba, nikalia. Sikuwahi kukushukuru kwa siku ile. Nakushukuru sasa, mwanangu. Asante. Ulinistiri mbele za watu wakati mimi ndiye niliyepaswa kukustiri wewe.

Baada ya hapo nikamwita Mwalimu Naidoo aje kunywa chai. Sikumwambia ukweli, nilisema nataka tu kuelewa mchezo wa mtoto wangu. Akapanga vikombe mezani akaanza kunieleza kwamba mashindano ya wanaocheza kwa kulipwa si ya aina moja. Yako mataji makubwa ya Japani ambayo mwenye taji anakaa nalo. Wengine wanachujana mwaka mzima, mchujo juu ya mchujo, mpaka abaki mmoja wa kumkabili, ndipo wawili hao wanapambana, tena si mchezo mmoja, ni mfululizo. Nikagonga meza, chai ikamwagika, nikasema sasa hiyo si ndiyo ngumi ya baba yangu. Akacheka akasema ndiyo, Mama Hawa, hiyo ni ngumi.

Kisha akasogeza vikombe vingine. Yako mashindano ambayo bingwa wa mwaka jana hana cha kusubiria. Kila mwaka vyombo vyote vinaoshwa na kupangwa upya, naye akipigwa raundi ya mwanzo anachukua koti lake. Mengi ya kimataifa, alisema, yanakwenda kwa mtindo huo wa kutoana. Yako ya haraka, ya mbele ya kamera za televisheni, ambayo huna muda wa kujikuna kichwa. Yako ya vijana wa chini ya umri fulani, ya wazee, ya timu. Na yako ya wanawake peke yao. Mwanamke anaruhusiwa pia kuingia yale ya wazi akapambane na wanaume, lakini mwanamume haingii ya wanawake. Hilo nililipenda nikamwongezea sukari. Nikamwuliza, na yale yetu ya hapa je. Akasema yale ya kina Hawa ni ya kuosha vyombo.

Basi kumbe sheria ya babu yako haikuwa ya uongo. Ipo, tena kwenye meza za wakubwa kabisa. Mimi nilikuwa nimeitumia kwenye meza isiyo yake.

Nikamwuliza na habari ya dani, hizo ngazi za ustadi wa wachezaji, maana wateja nilishawatangazia kwamba binti yangu ana dani ya tano kama vile ni daktari. Akanifafanulia taratibu, bila kunicheka, kwamba dani ya wasiolipwa na dani ya wanaolipwa ni vitu viwili, kama leseni ya pikipiki na leseni ya lori. Wewe unakwenda na ya pikipiki. Ila dani ya wanaolipwa, mtu akishaipata, haivuliwi. Azeeke, macho yafifie, vijana wampige kila wiki, wa dani ya tisa atabaki wa dani ya tisa. Taji ndilo linalonyang'anywa. Mwenye taji kule wanamwita kwa jina la taji lake, na akilipoteza wanarudi kumwita kwa dani yake, bila kelele, kesho yake anacheza. Wachache waliolishika taji moja miaka mfululizo, wakawashinda wote waliowagongea mlango, huachiwa jina lake liwe la heshima uzeeni. Nilimwuliza ni wangapi, akasema wachache, Mama Hawa, wachache mno.

Alipoondoka nilibaki na vile vikombe, nikajiona mwenyewe. Mimi nilikuja Johannesburg na taji, mwanangu. Keko nilikuwa Shani wa chapati, watu wanavuka mitaa kunifuata. Nilipofika Alexandra nikawasha jiko, nikavaa kanga safi, nikakaa kusubiri nigongewe mlango. Nani aje? Nani ananijua? Nikawa nawacheka akina mama waliokuwa wakizunguka na ndoo za maandazi toka alfajiri, nikawaona hawana jina. Unga wangu ukaingia wadudu. Jirani yangu MaKhumalo ndiye aliyenitoa kitini. Alinishika mkono, kweli kabisa, akanizungusha na beseni langu mtaa kwa mtaa, akiniombea wateja kwa Kizulu kwa sababu mimi nilikuwa sijui hata kuamkia.

Halafu ukaja ule mwezi wa Mei wa vurugu za kutufukuza wageni, wewe hujazaliwa. Jiko, sufuria, godoro, vyote vilikwenda. Mimi na baba yako tulikuwa chini ya kitanda cha MaKhumalo, na yeye amekaa mlangoni anamenya viazi kama vile hakuna jambo. Tulipokwisha kuhamia Bertrams akapanda teksi akaniletea kitu alichokiokota kwenye majivu, kile kibao cha chapati. Aliniambia sufuria zitapatikana, mikono yangu bado ninayo. Ndiyo maana unaniona nawashukuru watu ovyo, mpaka dereva aliyenipisha kwenye robot, hizo taa za barabarani, nawe unaona haya. Mtu akishaketi mlangoni kwa ajili yako, huwezi tena kuwa mchoyo wa asante.

Sasa nakuja kwenye jambo usilolijua.

Mwalimu wako wa Japani alipokubali kukupokea, alitaka barua ya kukudhamini kutoka kwa wakubwa wa Go wa hapa. Mwenyekiti akasita. Alimwambia Mwalimu Naidoo kwamba mtoto ana kipaji lakini ana kiburi, na akakumbusha habari ya mlangoni. Mwalimu akaja jikoni kwangu amenyong'onyea. Nikaona nafasi yako inaondoka, na umri wa kuingia kule una kikomo, hautakusubiri. Nikavua aproni nikamwambia anipeleke.

Njiani nikamwambia ukweli wote. Akaendelea kutazama barabara, akasema alijua tangu siku ile. Hawa hasahau kitu, alisema, anakumbuka hata kete nilizozipoteza mimi. Ila ulimwomba asiniambie kwamba anajua. Nyinyi wawili mna siri, wallahi.

Yule mzee alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, lakini sikukaa. Kiingereza changu unakijua, nikakitumia hivyohivyo.

"Mwanangu hakusahau kitu," nikamwambia. "Mimi ndiye sikumwandikisha, nilidhani bingwa hajiandikishi. Alijitwisha yeye ili mimi nisiaibike mbele ya watu wangu. Kama ni kiburi, ni changu, niandike mimi."

Akaniuliza kwa nini sikusema siku ile. Nikamwambia nilikuwa na sufuria la pilau na watu wananitazama. Akavuta karatasi. Barua akaiandika palepale, nami nikasimama mpaka ikaisha. Akaniomba nikufikishie samahani yake, nikamkatalia, nikamwambia miguu anayo. Ndiyo ile siku alipokuja Troyeville akakupa mkono na kukuomba radhi, ukarudi nyumbani unashangaa mzee amepatwa na nini.

Sikukwambia mapema kwa sababu nilitaka uondoke na hili likiwa bado la moto. Kosa la kuchanganya mashindano silioni kubwa, hata mwenyekiti alikuja kulicheka. Kubwa lilikuwa kunyamaza. Na wewe una ugonjwa huohuo, ila wako umevaa nguo nzuri: unanyamaza ili wengine wasiumie. Mimi mwenyewe nimefaidika na ugonjwa wako, ndiyo maana najua ulivyo mbaya.

Kule unakokwenda, Mwalimu ameshanieleza, wanafunzi wamepangwa kwa madaraja, na kila baada ya muda mnapandishwa na kushushwa kulingana na mlivyocheza. Utaanza chini. Bingwa wa hapa, chini kabisa, na watoto wadogo kuliko wewe watakupiga na kukuinamia kwa adabu. Utashushwa, mwanangu. Ukishushwa nipigie simu useme, Mama, nimeshushwa. Usiniulize habari za maharage. Usiniombee ukoko.

Na lipo lingine, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Wengi wanaoingia pale hawafiki. Umri unakwisha kabla ya dani ya wanaolipwa, wanafungasha. Nakujua wewe. Nakuona umebaki huko peke yako, umejificha, unaosha vyombo kwenye mkahawa wa mtu, kwa sababu unaliogopa lile bango la Mama Chantal na wateja wangu wenye midomo. Nilikuzungushia watu hao mimi. Niliwapa neno bingwa wakalishika, na sasa unakwenda nalo mgongoni, pamoja na sanduku. Nishushie hapa. Hilo ni langu.

Nisikilize vizuri, na hapa usome polepole. Ubingwa wako utakuja na kuondoka, kila meza na sheria yake. Kuwa mwanangu si taji. Sikukushindania na mtu, hakuna wa kuja kukugongea mlango akunyang'anye, na hakuna umri utakaokwisha. Ukirudi na dani, ukirudi bila dani, ukirudi umechoka tu katikati ya mwaka kwa sababu kuna baridi na hakuna wa kusema naye hata "eish", utapanda ngazi hizihizi, na mlangoni kwangu hakuna mama wa kupitisha kidole kwenye majina.

Nakushukuru kwa miaka hii. Nakushukuru kwa kelele za kete zako wakati nasukuma chapati. Nakushukuru kwa kunifanya mtu mzima nianze tena kusoma, maana nilikuwa nimeshajiona nimemaliza.

La mwisho, kisha nikuache ulale. Usajili wa mashindano ya mwaka huu umefunguliwa. Kuna kundi la wanaoanza, halina kikomo cha umri. Mwalimu Naidoo amekuwa akinifundisha jioni, baada ya wateja, juu ya mgongo wa kile kibao, kwenye mistari yako iliyopinda. Mpaka sasa nimemshinda Mama Chantal tu, na yeye anadai nilimwibia. Watu wa kundi langu wengi ni watoto wa shule ya msingi, watanichakaza, nami nimeshajiandaa kuwapigia makofi. Nimemkataza Mama Chantal asilete bango.

Jana nilimpigia simu yule mama wa usajili. Nilitaja jina langu herufi kwa herufi, nikamwomba apitishe kidole mpaka alione. Akapitisha.

Jina lipo, mwanangu.

Mama yako,
Shani